Ukwato Wenye Pengo

Rhotia, Karatu
14 Aprili 2024

Babu Ngoyai,

Nimeinamisha kichwa. Kiguse, hata kama mkono wako uko Tunduru na kichwa changu kiko Rhotia.

Mimi ni Witness, mjukuu wa mdogo wako Lemayian. Hujawahi kuniona, na Baba anasema hata yeye hujamwona, maana uliondoka Piyaya akiwa hajazaliwa. Alinikanya nisikupigie simu. Anasema sikio lako husikia simu kama redio iliyopoteza stesheni. Basi nimenunua bahasha, na muuza duka ilimbidi aipanguse vumbi kwanza.

Huku ni wazima. Babu Lemayian mzima, ila mguu wake wa kulia ndio uleule. Mvua ikikaribia, mguu hutangaza kabla ya watu wa hali ya hewa. Mimi nimemaliza chuo cha kuongoza watalii hapa Karatu. Nimepanga chumba kwa Mama Lusia, Mwiraqw mwenye shamba la mahindi na maharage, ambaye bado haamini kwamba Mmasai anaweza kula maharage siku tatu mfululizo bila kuugua.

Sasa habari yenyewe. Mvua kubwa za mwaka jana zilichimba lile korongo lililo chini ya boma letu Piyaya. Ukingo ulipobomoka zikaonekana nyayo za watu. Si za jana, Babu. Zimeganda kwenye majivu ya mlima, magumu kama saruji. Ni watu watatu: mmoja mkubwa, mmoja wa kati, na mtoto mdogo. Punda wao ametangulia, nao wanamfuata kwenda mashariki. Mbele kidogo nyayo za mtoto zinaishia. Wa kati anaendelea peke yake, kisha anasimama na kukanyagakanyaga mahali pamoja kama anayengoja. Yule mkubwa anageuka, anarudi hadi pale mtoto alipoishia, kisha anashika tena njia ya mashariki, na safari hii nyayo zake zimezama zaidi.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Sairowua, anasema hao ni ndugu wa wale wa Laetoli waliopita kwenye majivu miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Ameshaagiza kibao: Makumbusho ya Binadamu wa Kwanza, Piyaya. Mchoraji wa Karatu amechora nyayo mbili safi sana, zote za mguu wa kushoto.

Mwezi wa kumi atakuja mtaalamu wa nyayo kutoka chuo kikuu, Dokta Selestina. Akithibitisha, mimi ndiye mwongozaji wa kwanza. Kuna hoteli hapa Karatu imenipa nafasi ya mapokezi, nimewaomba wanisubiri hadi mwisho wa Oktoba. Kusema kweli sitaki kukaa nyuma ya meza nikigawa funguo. Nataka kusimama kwetu, nisimulie mambo ya kwetu.

Sairowua ameniambia niandae maelezo ya kumfungua mtaalamu macho: ni kitu gani kinachomtofautisha binadamu na wanyama wengine? Baba anasema katika ukoo wetu mwenye jibu ni wewe, kwa kuwa umetunza maktaba ya shule miaka thelathini na ukasoma hata vitabu ambavyo wanafunzi walikataa. Nisaidie.

Mjukuu wako,
Witness

*

Tunduru
6 Mei 2024

Mjukuu wangu Witness,

Kichwa nimekigusa. Kina joto, nadhani ni mawazo ya makumbusho.

Barua yako ilinikuta nikiwa juu ya paa, napigilia bati. Mke wangu aliisoma kwa sauti kutoka chini, na mimi kwa kuwa sisikii vizuri nilielewa kwamba kuna mtu anataka kunipeleka makumbusho. Nikamwambia bado kidogo. Sisi ni wazima. Tembo walikuja wiki iliyopita wakamaliza mahindi ya jirani na kuangusha mkorosho wetu mmoja. Mwaka 1959 nilitolewa Serengeti nikiwa na miaka minne, nimefungwa mgongoni mwa punda pamoja na vibuyu, kwa sababu tulikuwa tunawabana wanyama. Leo wanyama wamenifuata hadi Tunduru kunibana mimi. Sina kinyongo nao. Hawakusaini karatasi yoyote ya kuhama, kama wazee wetu.

Swali lako ni zuri na gumu. Wengi watakuambia binadamu ni yule anayetembea kwa miguu miwili. Waulize kuhusu mbuni. Wengine watasema ni mwenye kutengeneza zana. Sokwe wa Gombe huchuma kijiti, akakisafisha majani, akavulia mchwa, na hajaenda chuo. Lugha je? Wewe umekulia porini, unamjua yule ndege anayewaita watu kuwapeleka kwenye asali. Anaita, anangoja, anaita tena. Nimewafundisha watoto wa darasa la pili waliokuwa na subira ndogo kuliko yake.

Kwa hiyo mimi, ukinibana, ningesema hivi. Kwetu kuna osotua. Neno lenyewe ni kitovu, ule utepe wa mama na mtoto, lakini sisi tumelitumia kwa mtu ambaye hukuzaliwa naye. Baba yangu na mzee Metui wa Malambo hawakuwa ukoo mmoja. Siku moja walipeana ndama, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Waliitana Paashe, mtu wa ndama. Ukipata shida unakwenda kwa Paashe wako, unasema shida yako, anakupa alichonacho, na hakuna anayeweka hesabu. Simba hugawana nyama na jamaa zake. Kumpa asiye wako, na kukaa ukijua kwamba siku yako ikifika naye atakupa, hilo sijaliona kwa mnyama. Anza na hapo.

Kuhusu nyayo zenyewe umeeleza vizuri, kama mtu aliyefundishwa kutazama. Swali moja dogo tu. Huyo punda, unyayo wake una vidole vingapi?

Babu yako,
Ngoyai

*

Rhotia
2 Juni 2024

Babu Ngoyai,

Kichwa kiko chini tena, na safari hii nimesuka, kwa hiyo kiguse taratibu.

Habari za hapa ni mavuno ya maharage. Nimemsaidia Mama Lusia kupura hadi viganja vikatoa malengelenge. Nilimsomea barua yako. Alikubali kuhusu mbuni, akasema hata kuku anatembea kwa miwili na hajajenga kanisa. Yeye ana jibu lake: binadamu ni mnyama pekee anayepika, akapakua, akala sahani nzima, ndipo akalalamika chumvi haikutosha. Nimeliandika kwenye daftari chini ya osotua.

Lakini Babu, umesema kusaidiana, nami nina pingamizi. Tembo wanarudi kumsaidia aliyekwama. Nimeona kwa macho yangu ndani ya kreta ndama amenasa kwenye tope, mama yake na mashangazi wawili wakarudi wakamsukuma. Mtaalamu akiniuliza hapo nitajibu nini?

Sasa vidole vya punda. Nilidhani unanitania, ila nilipokwenda Piyaya nilipiga magoti nikatazama. Ana kimoja, kama punda wote. Nimekuchorea chini ya ukurasa. Na kuna kitu hata Sairowua hakukiona: ukwato wa mbele wa kushoto una pengo upande wa nje, kama umemegwa na jiwe. Linaonekana kila mahali alipokanyaga. Dokta Selestina atafurahi sana, au sio?

Nilimwuliza Babu Lemayian maoni yake, kwa kuwa yeye ndiye amekuwa akiwafukuza watoto wasichezee pale korongoni. Alikuwa amekaa ananoa kisu. Alisema tu, "Mwandikie yule mzee wa Tunduru. Mwulize aliyesimama alikuwa anangoja nini." Akaendelea kunoa. Unajua utani wake.

Nakusalimu,
Witness

*

Tunduru
25 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Nimechelewa kujibu, na sina kisingizio kizuri. Malaria ilinishika wiki moja. Wiki zilizobaki nilikuwa mzima.

Mke wangu anakusalimu. Anasema akina Witness wa huko wanaandika barua ndefu kuliko watoto wake wanne wa Dar es Salaam wakijumlishwa pamoja. Mikorosho imeanza maua.

Mwambie Mama Lusia jibu lake ni la kitaalamu kuliko anavyofikiri. Wako wasomi wanaosema moto na chungu ndivyo vilivyotufanya kuwa sisi: chakula kikilainika, taya likapungua, kichwa kikapata nafasi. Malalamiko ya chumvi hawakuyatafiti. Pingamizi lako la tembo ni zito. Nimelifikiria sana; jibu lake ni deni langu kwako.

Ninachotaka kukuambia ni kuhusu punda. Wakati wale wa Laetoli walipopita, farasi na punda wa siku hizi hawakuwepo. Kulikuwa na ndugu yao wa kale mwenye vidole vitatu, na nyayo zake zimekutwa palepale Laetoli. Wa kidole kimoja walikuja baadaye sana huku kwetu, na punda wa kufugwa, anayetangulia mbele ya watu kwa mstari, ana miaka elfu chache tu duniani. Kwa hiyo nyayo zenu haziwezi kuwa na umri anaosema Sairowua. Msimamishe kabla hajapaka kibao rangi ya pili.

Ushauri wangu ni huu: chukua kazi ya hoteli. Ni kazi ya heshima. Utakutana na watu, utajifunza lugha, na funguo si kitu cha kudharau.

Msalimu Baba yako, na wote wa boma.

Babu yako,
Ngoyai

*

Rhotia
15 Septemba 2024

Babu,

Kichwa nimekiinamisha kwa adabu, ila moyoni nimekasirika kidogo, na Mama Lusia amesema niandike hivyohivyo.

Nilisoma habari ya vidole vitatu hadi usingizi ukapotea. Kisha nilicheka peke yangu. Watu zaidi ya thelathini tumezitazama nyayo zile, wazee kwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyemshangaa punda. Nani kwetu angemshangaa? Mwanamke akitoka safari, punda hutangulia. Kama ingekuwa alama ya baiskeli tungeshtuka. Punda tulimwona ni sehemu ya watu.

Nilikwenda kumweleza Sairowua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza huyo babu wa vidole yuko wapi siku zote, na kwa nini maneno yake yafike kwa posta wakati miguu anayo. Akasema kijiji kimeshamwalika mtaalamu, na kama nimeogopa, atatafuta mwongozaji mwingine asiye na babu. Sijamlaumu.

Lakini, Babu, mtu hamwambii mjukuu wake achukue hoteli kwa sababu ya kidole cha farasi. Nilikuuliza swali la Babu Lemayian, hukuligusa. Nilikuchorea pengo la ukwato, hukulitaja. Uliposalimia, ulimtaja Baba, ukataja boma zima, na yule ambaye mlilala ngozi moja ukampita. Nilirudi nikaangalia barua yako ya kwanza, na humo pia hayumo.

Dokta Selestina anafika tarehe ishirini na mbili Oktoba. Nitasimama mbele ya kijiji kizima. Kama kuna jambo unalolijua, afadhali nilisikie kwako kuliko kwa mgeni. Nikiaibika nikiwa najua, nitavumilia. Nikiaibika kwa sababu wewe ulinyamaza, sijui kama nitakuandikia tena.

Witness

*

Tunduru
1 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Witness,

Kichwa chako nimekigusa, na changu nimekiinamisha. Kwa umri si utaratibu, lakini leo acha iwe hivyo.

Naandika haraka ili basi la kesho liichukue. Habari za nyumbani ni njema, tembo hawajarudi. Sasa nisome vizuri.

Punda yule alikuwa jike. Mama yetu alimwita Nasieku, yaani anayewahi, jina la binti kabisa, kwa sababu hakukubali kutembea nyuma ya mtu. Ndiye aliyenibeba tulipotolewa Serengeti. Ukwato wake wa mbele wa kushoto ulimegeka kwenye mawe siku ya tatu ya safari ile, na pengo halikujifunga tena. Niliufuata ukwato ule utoto wangu wote. Ulipouchora, niliutambua kabla sijavaa miwani.

Mwaka 1966 Mlima wa Mungu ulitapika majivu. Yalishuka siku nyingi, meupe, yakafunika majani yote hadi ng'ombe wakakataa kula, na waliokula wakaharisha. Baba aliondoka na ng'ombe wenye nguvu kutafuta majani masafi. Nyumbani tukabaki bila maziwa. Mvua ya kwanza iliponyesha, majivu yakawa tope zito, na Mama akasema tusingoje zaidi, twende Malambo kwa Paashe wa Baba. Akampakia Nasieku ngozi na vibuyu vitupu, tukatoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Lemayian mitano. Mama aliniambia neno moja tu: "Mshike mdogo wako."

Nilimshika mpaka korongoni. Lakini alikuwa na hatua fupi, na tope lilikuwa zito, na Nasieku alikuwa anatuacha. Nilitaka nimwongoze punda mimi, ili tukifika Malambo watu waone mwanamume ameleta msafara. Nikauachia mkono. Sikuuachia kwa bahati mbaya, Witness. Niliufungua vidole kimoja kimoja, kwa sababu alikuwa amenikaza.

Alikanyaga mwiba uliozikwa kwenye majivu, akakaa. Hakulia. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mwanamume halii. Mama alipotazama nyuma aliona mtoto mmoja badala ya wawili. Hakunigombeza. Alinipita akarudi. Mimi nilisimama pale mbele, nikakanyagakanyaga, nikasikia anavyomwinua na kumbeba mgongoni, na sikugeuza shingo. Lemayian anauliza nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nangoja wanifikie, ili nisione uso wake.

Mzee Metui alitupatia ng'ombe wa maziwa siku ileile, hakuuliza atarudi lini. Maji ya mwaka ule yalileta udongo ukafunika korongo, nami nikashukuru. Mwiba ulitolewa, lakini mguu ulioza, ukapona vibaya. Huo ndio mguu unaowatangazia mvua.

Nilikwenda chuo cha ualimu mwaka 1974, nikapangiwa huku kusini, na sikuomba uhamisho hata mara moja. Mama alipofariki mwaka 1991, barua ilinifikia siku ya kumi na nane. Nilijiambia nimechelewa. Kisha nikawa na aibu ya kutokwenda, na kila mwaka aibu ile ilizaa nyingine, ng'ombe wangu pekee waliozaana vizuri.

Kwa hiyo nyayo zenu zina miaka hamsini na minane. Mkubwa ni Mama. Mdogo ni Lemayian. Wa kati ni babu yako wa vidole. Nilikushauri hoteli ili korongo lisizungumzwe. Haikuwa haki.

Isome mbele ya kijiji ukitaka. Usinifiche.

Ngoyai

*

Piyaya
27 Oktoba 2024

Babu Ngoyai,

Kichwa ni hiki. Naandika nikiwa nyumbani, juu ya mfuko wa chumvi ya ng'ombe, ndiyo maana mistari imepinda.

Wote ni wazima. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tisa. Niliisoma mara mbili kisha nikapanda gari la mnada hadi Piyaya, nikamsomea Babu Lemayian kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliniambia nirudie mahali pa vidole kimoja kimoja. Nilirudia. Akasema umekumbuka vizuri.

Nikamwuliza kwa nini aliniacha nihangaike miezi sita. Akajibu kwamba alikuwa na miaka mitano, na jambo lile lilikuwa la mkubwa kulisema. Kisha akasema hakuna hata mmoja kati ya wasomi wetu aliyewahi kumwuliza kama yeye mwenyewe amepita pale.

Siku ya tarehe ishirini na mbili watu walijaa. Sairowua alikuwa amevaa koti. Dokta Selestina ni mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alilala kifudifudi kwenye korongo muda mrefu sana, akakwangua majivu kidogo, akatazama ukwato, akaanza kutabasamu peke yake. Kabla hajasema lolote, nikaomba nafasi. Niliisoma barua yako yote kwa Kiswahili, na bibi mmoja akawa anawatafsiria wazee kwa Kimaa. Kwenye jina la Nasieku walicheka. Kwenye mkono hawakucheka.

Nilipomaliza, Dokta akasema ni kweli, majivu hayo ni ya juzi. Sairowua akavua koti. Nilidhani ananijia. Alikwenda kukishusha kibao, akakitazama, akasema kumbe hata zile nyayo za mchoraji hazikuwa na makosa sana, familia hii yote imetembea kwa mguu mmoja. Watu wakalipuka kwa kicheko, na aliyecheka zaidi ya wote ni Babu Lemayian.

Kisha akashuka korongoni kwa fimbo yake. Hakuna aliyemsaidia, alikataa. Alifika pale nyayo ndogo zinapoishia, akakaa chini kwenye majivu, akanyoosha ule mguu. Dokta alimfuata, akamwuliza kwa heshima kama anaweza kuandika anayoyasema. Aliniambia baadaye kwamba amepima nyayo za kale miaka ishirini, na kila mara amebuni tu: huyu aligeuka kwa nini, yule alisimama kwa nini. Hii ni mara ya kwanza mwenye unyayo yupo wa kuulizwa. Anataka kurudi Januari kuwapima wenye nyayo na kuandika habari yote. Anasema nitamsaidia wiki mbili atakazokuwa hapa. Na anasema mmoja hatoshi. Anamhitaji pia yule aliyesimama.

Kuhusu mimi, usihuzunike. Makumbusho hayapo. Kesho kutwa naanza mapokezi Karatu, na nimeomba likizo yangu ya kwanza iwe Januari. Jana usiku nilijikuta nasimulia habari ya Nasieku kwa watu wawili tu, Baba na Mama Lusia aliyekuja kuniona, na nikajua bado naitaka kazi ile. Itangoja.

Babu Lemayian hajui kuandika, kwa hiyo nimeuliza kama ana ujumbe. Alisema, "Mwambie bado nimekaa."

Witness

*

Tunduru
11 Novemba 2024

Mjukuu wangu Witness,

Kichwa chako sikigusi leo. Nakiweka akiba, utaona sababu.

Korosho tumevuna. Mke wangu amejaza mfuko mmoja wa Lemayian na mwingine wa Mama Lusia, ambaye kwa maoni yake ndiye mwenye akili kuliko wote katika barua hizi. Sairowua mwambie kibao asikitupe.

Nina deni la jibu la tembo. Ni kweli tembo hurudi. Lakini hurudi papo hapo. Nimesoma nilivyoweza, na nimewatazama hawa wa kwetu wanaokula mahindi. Sijamwona tembo anayeijua njia, mwenye miguu mizima, anayetaka kurudi, akakaa miaka hamsini kwa sababu ya aibu. Hiyo ni kazi ya binadamu peke yake. Ungeniuliza mwezi wa nne ningeishia hapo, na ungekuwa na maelezo ya huzuni sana ya kuwapa watalii.

Ila jana nilikwenda stendi. Nilikata tiketi ya Songea, na nimeandikiwa kwenye karatasi magari ya kuunganisha: Iringa, Dodoma, Arusha, Karatu. Mkata tiketi aliniuliza kama nakwenda msibani, maana wazee wa umri wangu huku hawasafiri mbali kwa jambo jingine. Nilimwambia nakwenda kumchukua mdogo wangu, tulipotezana njiani. Akaniuliza lini. Nilipomwambia mwaka, aliiacha kalamu akanitazama. Basi weka na hilo kwenye daftari lako, chini ya chumvi ya Mama Lusia: hakuna mnyama mwingine anayeweza kwenda akiwa amechelewa namna hii, na bado akatumaini atakuta amengojwa.

Nitafika Karatu Jumatano ya tarehe ishirini na saba. Njoo stendi na kichwa chako. Utanijua kwa mifuko miwili ya korosho.

Mwambie Lemayian asiinuke. Nimegeuka.

Ngoyai